Kabla mama hajauza cherehani: neno letu juu ya digrii ya biashara ng'ambo



Mwezi uliopita tuligombana kwenye kikundi chetu hapa Nakivale. Si ugomvi wa ngumi, ni wa maneno, lakini uliendelea hadi saa sita usiku na bando za watu zikaisha. Chanzo chake ni barua moja. Mwenzetu, yule anayetushikia daftari la akiba, alikuwa ametuma picha ya barua ya chuo: amekubaliwa kusoma digrii ya usimamizi wa biashara, miaka minne, huko Saiprasi ya Kaskazini. Juu kuna nembo ya rangi ya dhahabu, chini kuna muhuri, na katikati kuna maneno yaliyotufanya wote tutume alama za makofi: amepewa ufadhili wa asilimia 50.

Hongera zilimiminika. Dada yetu mmoja tu, aliyewahi kufanya kazi ya ukalimani, aliuliza: "Na ile asilimia 50 nyingine nani analipa?" Akaambiwa ana wivu.

Tusifiche kitu. Sisi wenyewe ndio tuliopiga kura kumkopesha shilingi 800,000 kutoka kwenye sanduku la kikundi. Alisema ni za masomo, na nani atakataa masomo? Mama yake aliuza mbuzi wanne na cherehani. Cherehani hiyo ndiyo iliyoshona sare za shule za nusu ya watoto wa kijiji chetu tangu familia ilipofika hapa mwaka 2013. Akaongeza na akiba yake yeye mwenyewe. Jumla ikafika dola 700: mia tano za chuo ili kushika nafasi, mia mbili za wakala.

Kisha tukauliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: utasafiri na nini? Pasipoti ya Kongo hana. Hati ya kusafiria ya mkimbizi hana, hata ombi hajawahi kuandika. Wakala hakuwahi kumuuliza. Siku ya mwisho ya kuripoti chuoni ikapita akiwa amekaa Base Camp, anangoja mtandao urudi ili aandike barua pepe. Chuo kilimjibu kwa adabu kwamba pesa ya kushika nafasi hairudishwi, ila anaweza kusogeza masomo hadi muhula unaofuata. Simu ya wakala mwanzo iliita bila kupokelewa. Sasa haiiti kabisa.

Mwenzetu ametupa ruhusa kuandika haya. Alisema, "Andikeni, lakini msiseme nilikuwa mjinga." Hatusemi. Ana akili ya hesabu kutuzidi wote, na shilingi ya kikundi haijawahi kupotea mikononi mwake. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba barua ya kukubaliwa na chuo ni kipande kimoja tu, na mara nyingi ndicho kipande rahisi kuliko vyote kukipata.

Kuna wazee watakaosoma hapa na kusema: mnaona, ng'ambo ni uongo, kaeni mlime. Hapana. Hatukubaliani nao, na tunataka tueleze kwa nini tunaitaka digrii hii.

Wengi wetu tulisoma komasiali huko Uvira, Bukavu, Goma, Bunia. Mtu alimaliza humanite akijua kwamba kwenye hesabu klasi ya 6 ni matumizi na klasi ya 7 ni mapato, akajua kuandika jurnali na kufunga bilansi. Halafu vita. Tumefika hapa, tunauza vitenge, tunauza dagaa, tunahesabu magunia kwa ile posho ya mwezi inayoitwa motisha. Mmoja wetu alihesabu mali ya ghala la shirika moja kwa miaka minne. Nafasi ya mtunza ghala ilipotangazwa, tangazo lilisema: digrii ya kwanza ya biashara, uhasibu, au inayofanana nayo. Alimpokea kijana aliyeajiriwa, akamfundisha kazi wiki mbili, kisha akarudi kuhesabu magunia chini yake. Yule kijana ni mtu mzuri, bado wanasalimiana. Ila mshahara wa mmoja ni kama mara sita ya posho ya mwingine, na kazi ni ile ile.

Na Uganda hatuzuiwi kufanya kazi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa haki hiyo, jambo ambalo ndugu zetu walioko Nyarugusu au Dzaleka wanalisikia kama hadithi. Kwa hiyo mtu anayetaka digrii ya biashara hapa haoti ndoto za mchana. Ameona mlango wenyewe, ameona kufuli yake, anajua funguo gani inahitajika. Tangu mgao wa chakula ulipoanza kugawanywa kwa makundi mwaka 2023, na wengine wakaondolewa kabisa, haraka imezidi. Wakala anaijua haraka hiyo. Anakuja wakati gunia limeisha.

Sasa turudi kwenye barua. Chuo kinachouza nafasi kitakukubali, maana kukukubali hakikigharimu chochote. Baada ya hapo ubalozi ndio unaanza kuuliza maswali, na maswali yake ni ya pesa. Ujerumani inataka mwanafunzi aonyeshe amefungia benki yuro 11,904 kwa mwaka mmoja wa kuishi, hiyo ndiyo hesabu tangu Septemba 2024. Kanada, kuanzia Januari 2024, ilipandisha kiwango cha pesa za kujikimu kwa mtu mmoja kutoka dola 10,000 hadi 20,635 za Kanada, mbali na karo na tiketi. Soma tena namba hizo. "Ufadhili wa asilimia 50" unapunguza karo tu. Hauingii kwenye hesabu ya ubalozi kama wewe unavyofikiri.

Marekani wana swali lingine, gumu kuliko pesa. Sheria yao ya visa inamtaka mwanafunzi aonyeshe kwamba ana makazi nje ya Marekani ambayo hana nia ya kuyaacha, yaani atarudi kwao akimaliza. Fikiria uko dirishani, afisa anakuuliza: utarudi nyumbani? Nyumbani wapi, bwana? Fizi? Rutshuru? Au kwenye hema la Juru? Ukisema utarudi Kongo, anashangaa ulikimbia nini. Ukisema utarudi Uganda, anauliza una nini Uganda. Tunawajua watu walioshindwa hapo wakiwa na alama nzuri kabisa. Na ndugu zetu Warundi, tangu Juni 2025 Marekani ilisimamisha visa za wanafunzi kwa raia wa Burundi, kwa hiyo uraia ulioukimbia unakufuata hadi dirishani.

Halafu hati ya kusafiria. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ibara ya 28, unasema nchi inayotuhifadhi itatupa hati za kusafiri nje. Hiyo ni haki, haiombwi kama zawadi. Hapa Uganda ombi linapitia OPM, na haliishi kwa wiki moja. Unahitaji kitambulisho cha ukimbizi ambacho hakijaisha muda, unahitaji sababu ya safari, unahitaji nauli ya kwenda na kurudi Kampala zaidi ya mara moja. Na ukiipata, uliza nchi unayokwenda kama inaitambua, na angalia kama muda wake unatosha kukurudisha. Mambo haya yote hayana nembo ya dhahabu, ndiyo maana wakala hayataji.

Kuna jambo lingine ambalo hata sisi hatukuliwaza hadi mwenzetu mmoja anayesoma uhasibu Mbarara alipotueleza. Tunasema "biashara" kama vile ni somo moja duniani kote. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na hesabu za kampuni huko zinafuata mfumo wa OHADA, kwa Kifaransa, na zile klasi zetu. Uganda wanafuata mfumo wa kimataifa, kwa Kiingereza, na mitihani yao ya uhasibu ni mingine. Sheria za kampuni ni nyingine, kodi ni nyingine. Ukisoma miaka minne kwenye upande wa kisiwa ambao serikali yake inatambuliwa na Uturuki peke yake, ukarudi na digrii, utaipeleka wapi? Uganda utaambiwa uende NCHE, wao ndio wanaolinganisha digrii za nje. Je, watasema nini juu ya chuo chako? Swali hilo linaulizwa kabla ya kulipa, na kuuliza hakuna dhambi.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: anza na mahali unapotaka kufanya kazi, kisha rudi nyuma utafute digrii inayokubalika hapo. Kama unataka kuwa mhasibu wa shirika hapa Uganda, digrii ya chuo cha hapa hapa ina nguvu kuliko ya ng'ambo isiyojulikana. DAFI, ule ufadhili wa serikali ya Ujerumani na UNHCR, upo tangu 1992 na unalipia wakimbizi digrii ya kwanza katika nchi walikokimbilia. Nafasi ni chache, tunajua, tumeomba na tumekataliwa. Kuna na njia ya kusoma ng'ambo bila kupanda ndege. Rwanda, kwenye kambi ya Kiziba, Kepler walifika mwaka 2015, na vijana wa pale wamepata digrii za chuo cha Marekani, Southern New Hampshire University, wakiwa pale pale kilimani. University of the People, kilichoanzishwa 2009, kinafundisha usimamizi wa biashara kwa intaneti bila karo ya masomo, ingawa kuna ada kwa kila somo unalopimwa, na ada hizo zikijumlishwa si ndogo kwa mtu anayeuza mkaa. Omba msaada wa ada kabla hujaanza. Na usisahau hesabu ya bando, hiyo hakuna ufadhili unaoitaja.

Wanaotaka kwenda kabisa, milango ya kweli ipo pia. Kanada kuna WUSC, mpango wao wa wanafunzi wakimbizi ulianza 1978. Wanafunzi wa vyuo vya kule wanachanga kila mmoja kidogo ili kumleta mkimbizi, na anayechaguliwa anaingia Kanada akiwa tayari na ukaazi wa kudumu, si visa ya mwanafunzi. Italia kuna UNICORE, tangu 2019, kwa wenye digrii ya kwanza wanaotaka ya pili, na kozi za uchumi na usimamizi zimo. Orodha ya nchi wanakochukua watu hubadilika, soma tangazo la mwaka husika. Milango hii miwili haikuombi dola 500 za kushika nafasi. Hakuna wakala katikati. Kinachoombwa ni vyeti, na ushindani ni mkali hapana mchezo.

Na hapo kwenye vyeti ndipo wengi wetu tunaanguka. Si kwa kukosa akili. Kongo mtu anafanya Exetat mara moja, anangoja diploma miaka, mkononi anabaki na hati ya muda. Wengine tulikimbia na buletini tu, wengine hata hiyo ililowa mtoni. Uganda wao wana vyeti viwili, S4 na S6, na chuo kinataka kuona vyote. Lazima UNEB ilinganishe vya kwetu na vya kwao, na kabla ya hapo vitafsiriwe rasmi kutoka Kifaransa. Tafsiri inalipiwa, ulinganisho unalipiwa, na kutoka Mbarara hadi Kampala ni kama kilomita 270. Ongeza mtihani wa Kiingereza kama IELTS, zaidi ya dola 200 kwa kukaa mara moja. Mtu anaweza kuwa wa kwanza darasani na akashindwa kabla hajafungua fomu.

Katika ule ugomvi wetu wa usiku, ndugu mmoja aliandika: "Mimi sitaki digrii ya biashara, mimi nataka uwanja wa ndege." Tulicheka sana. Halafu kikundi kikanyamaza kama dakika tano hivi, maana kila mtu alijiona. Yuko hapa miaka kumi na mbili. Hatumhukumu. Kuondoka ni hitaji la kweli na lina sababu zake. Tunachomwomba, na tunajiomba sisi wenyewe, ni kuita kitu kwa jina lake. Ukiuza mbuzi ili uondoke, mwambie mama ni za kuondoka, mpige hesabu ya kuondoka pamoja: ukifika karo ya mwaka wa pili itatoka wapi, ukifukuzwa chuo visa inakwisha lini, utalala wapi. Usimwambie mama ni masomo. Mama zetu wanaheshimu sana neno masomo, wanaliuzia kila kitu.

Hatukufikia muafaka kwenye hilo. Wengine bado wanasema mlango wowote ni mlango. Tunaliacha hapo.

Sasa ninyi wa mashirika. Tunawaheshimu, wengi wenu mnatusaidia hata kwa pesa za mifuko yenu. Lakini tuongee kama ndugu. Mwenzetu mmoja ana vyeti saba vya mafunzo ya ujasiriamali. Saba! Siku tano, siku tatu, wiki mbili. Amefundishwa kutengeneza sabuni ya maji na wafadhili watatu tofauti. Kila mara kuna karatasi kubwa ukutani, kuna kuchora mti wa matatizo, kuna soda na picha ya pamoja. Hakuna hata kimoja kati ya vyeti hivyo saba kinachomsogeza kwenye lile tangazo la mtunza ghala, na ninyi ndio mnaoliandika tangazo lile.

UNHCR wameweka lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe kwenye elimu ya juu. Ni lengo zuri. Basi chukueni pesa ya mafunzo mamoja ya sabuni, mlipie tafsiri na ulinganisho wa vyeti vya vijana mtakaoweza. Wekeni mtu mmoja, hata siku moja kwa mwezi, anayejua mstari wa hati ya kusafiria unaanzia dirisha gani na unakwama wapi. Matangazo ya ufadhili tuleteeni mapema, si siku mbili kabla ya mwisho huku fomu inadai barua tatu za ushuhuda. Na jambo hili halina gharama hata shilingi: anayefanya kazi kwenu kwa motisha, mwandikieni barua inayosema alichofanya kweli. Kama alihesabu ghala lenye tani mia, andikeni hivyo. Msiandike "alijitolea katika shughuli mbalimbali za jamii". Barua ile moja, na miaka minne iliyomo ndani yake, inaweza kumpeleka mbele ya kamati ya ufadhili kuliko vyeti saba. Na mkiandika matangazo ya kazi, jiulizeni kama kuhesabu magunia kunahitaji digrii kweli, au uzoefu unaweza kusimama badala yake.

Kwa upande wetu tumeweka sheria. Barua yoyote ya chuo inayotaka pesa inasomwa na watu watatu kabla sanduku halijafunguliwa, na mmoja wao lazima awe dada yetu mkalimani. Tumemwomba radhi, ametusamehe kwa masharti ya chapati. Mkopo wa mwenzetu tumeusogeza, atalipa kidogo kidogo, na bado yeye ndiye anayeshika daftari. Mnunuzi wa cherehani yuko tayari kuirudisha lakini anataka 50,000 juu ya bei aliyonunua. Tumeshachanga 35,000.

Alhamisi wanne wetu wanapanda basi kwenda Kampala na vyeti tisa kwenye bahasha ya plastiki, cha mwenzetu kikiwa juu. Ambaye cheti chake kiko tayari na kimetafsiriwa akione kiongozi wa kikundi kabla ya Jumatano jioni. Nauli ya bahasha ni moja, vyeti vikiwa tisa au kumi na tano.

Na wiki jana, kwenye kikundi cha vijana wa Rubondo, mtu alituma picha ya barua. Nembo ile ile ya dhahabu, asilimia 50 zile zile, namba mpya ya simu. Tuliwaandikia usiku ule ule. Watu wawili walikuwa wameshalipa.